Kikasha cha "umeme wa ombwe" Kariakoo: nimekipima, nimekifungua, someni kabla ya kutoa laki na nusu

Wakuu habari zenu. Naleta mrejesho wa kile kikasha cheusi kinachouzwa sasa hivi Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya simu, kile chenye taa ya bluu pembeni na kioo cheusi juu, wanakiita jenereta ya kwantamu, wanakwambia kinavuta umeme kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na kitu, na kwamba hakitaki chaji maisha yako yote. Mimi nimechukua kwa laki na nusu baada ya kuvutana sana, walianza laki na themanini. Duka silitaji maana mzigo huohuo nimeuona maduka mengine ya jirani na karatasi ni ileile, kwa hiyo shida iko kwenye mzigo wenyewe na maneno yaliyoandikwa juu yake.

Kwa wenye haraka: kama pawabenki ndogo ya sola nakipa nyota mbili kati ya tano. Kama mashine ya nishati ya ombwe nakipa sifuri. Sasa kwa wenye muda nitaeleza kirefu, kwa sababu nafundisha fizikia sekondari na hii mada naipenda kuliko mada nyingine yoyote ya fizikia, na inaniuma sana kuona kitu kizuri hivi kinatumika kuwatoa watu hela.

Sababu ya kununua ni jirani yangu huku Tabata, mama mmoja anakaanga chipsi jioni, alishachoka taa kuzimika biashara ikiwa imekolea, akawa amepanga kuchukua viwili, kimoja cha taa kimoja cha simu. Akaniuliza, "Mwalimu, hiki kitu ni cha kweli? Maana karatasi inasema wanasayansi wamethibitisha." Nikamwambia mama subiri usitoe hela kwanza, ngoja nichukue kimoja nikipime.

Tuanze na mazuri. Kwa nje kimetengenezwa vizuri, plastiki ngumu, hakina makali, kinakaa mkononi, tundu la chaji ni taipu-C na matundu mawili ya kawaida ya kutolea. Tochi yake ina mwanga wa kutosha kuwasha jiko usiku. Simu ilianza kuchaji mara moja bila longolongo na haikupata joto la ajabu. Kama ungekikuta kimeandikwa pawabenki ya sola na bei yake ni elfu thelathini nisingekuwa na la kusema, ningenunua hata kimoja cha kuendea kijijini.

Kwenye boksi kimeandikwa 20,000, yaani mAh, kipimo cha uwezo wa betri. Nikakichaji kikajaa, nikaweka ile mita ndogo ya USB inayohesabu umeme unaotoka, nikakiacha kitoe mpaka kizime chenyewe. Kilitoa kama saa-wati 13 hivi (saa-wati 1 ni nishati ya kifaa cha wati 1 kikiwaka saa moja). Simu yangu yenye betri ya 5000 ilipanda kutoka asilimia 12 mpaka 70 na kikasha kikakata. Betri ya 20,000 ya kweli ingekuwa na saa-wati 74, kwa hiyo hapa umepewa chini ya moja ya tano ya ulichoandikiwa, na hapo hatujagusa kwantamu bado.

Halafu likaja swali lenyewe, je kinajijaza chenyewe? Hapa nataka muelewe kwa nini watu waaminifu kabisa wanaapa kwamba kinafanya kazi. Kijana wa dukani aliniambia, "Mwalimu, ukiona kimeisha kiweke dirishani asubuhi, kioo kiangalie juu, kinafungua ombwe." Na kweli nikakiweka na taa za kiwango zikapanda. Nikakimaliza tena, nikakiziba kile kioo kwa tepu nyeusi, nikakiweka palepale dirishani, hakikupanda hata taa moja. Nikakifungia kabatini bila tepu, nacho hakikupanda. Nikakirudisha juani bila tepu, kikapanda. Kwa hiyo kile kioo cheusi ni paneli ya sola, basi, imepakwa rangi ya kiza isionekane mistari yake. Ina kama sentimita 5 kwa 9, na kwa jua la mchana la Dar paneli ya ukubwa huo inakupa karibu nusu wati, jua kali la muda wa masaa sita ni saa-wati 3, ukitoa upotevu ni pungufu ya hapo. Kujaza kikasha chote unahitaji kama siku tano za jua zuri. Anayekitumia kidogokidogo kwa tochi ya usiku na kukiacha dirishani kila siku hatakiona kikiisha, na ataamini kila neno la kwenye karatasi.

Nikachukua bisibisi nikakifungua. Ndani kuna betri mbili za duara, kila moja imeandikwa 9900, na yeyote anayefungua betri za laptop anajua kwamba seli za saizi ile, hata zile bora, zinacheza kwenye 3500 hivi, kwa hiyo hiyo 9900 haipo. Kuna ubao mdogo wa kuchajia, waya za paneli, na halafu kuna kile walichokisifia, mabamba mawili ya metali yaliyong'arishwa, sentimita 4 kwa 5, yamebandikwa yakitazamana kwa tepu ya sponji. Nikapima kwa kalipa, nafasi kati yake ni kama milimita 1. Yana waya mbili. Nikazifuata zote mbili kwa multimita, zinaishia kwenye ile taa ya bluu, na taa inalishwa na betri. Yaani mabamba hayatoi kitu, yanapitisha tu umeme wa betri kwenda kwenye taa ili uone inawaka ukisogeza kikasha ukasema kumbe yanafanya kazi.

Sasa karatasi. Imeandikwa kwa Kiswahili kizuri tu, inasema kati ya mabamba mawili kuna nishati ya ombwe isiyoisha, iligunduliwa na Casimir mwaka 1948, ikathibitishwa maabara mwaka 1997, sasa iko nyumbani kwako. Na hapa ndipo naumia, kwa sababu Casimir ni mtu wa kweli, 1948 ni kweli, 1997 ni kweli, na kati ya mabamba mawili kuna jambo la kweli linatokea. Mtu akienda kutafuta atakuta majina yote yapo na ataona mwalimu ndiye mbishi.

Hendrik Casimir alikuwa Mholanzi, kazi yake ilikuwa maabara ya Philips kule Eindhoven. Hakuanza kwa kutafuta umeme wa bure hata kidogo. Pale kwao walikuwa wanahangaika na michanganyiko ya unga laini sana ndani ya kimiminika, na mwenzao Overbeek akaona kwamba zile punje zikiwa mbalimbali kidogo, kani ya kuvutana kati yake inapungua haraka kuliko hesabu za wakati ule zilivyosema. Casimir na Dirk Polder wakakaa na hesabu wakaona sababu, mwanga unachukua muda kwenda kutoka punje moja mpaka nyingine na kurudi, kwa hiyo mtikisiko wa upande mmoja unajibiwa kwa kuchelewa. Jibu likatoka rahisi mno ukilinganisha na njia ndefu waliyopita. Casimir mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alimweleza Niels Bohr, mwanafizikia mkubwa wa Denmark, wakiwa kwenye matembezi, Bohr akamwambia lazima hii ina uhusiano na nishati ya sifuri, ile inayobaki hata kukiwa na baridi ya mwisho kabisa, na kutokea hapo Casimir akaifanya hesabu upya kwa ufupi ajabu kwa mabamba mawili.

Ngoja niieleze nishati hiyo bila kuruka hatua. Uga wa sumakuumeme uko kila mahali, ndio unaobeba mwanga, redio, wifi, joto la mkaa. Toa hewa yote, zima taa zote, pooza mpaka sifuri ya Kelvin, ile baridi ya mwisho kabisa, uga bado hautulii. Kila wimbi linaloweza kuwepo mahali pale linabaki na nusu ya kifurushi chake cha nishati na haliwezi kushuka chini ya hapo, ni kanuni ya kwantamu yenyewe, ile fizikia ya vitu vidogo mno, nafasi na mwendo haviwezi vyote kuwa sifuri kwa pamoja. Mtikisiko wa namna hii unaonekana hata kwenye vitu vya kushika, heliamu haigandi kwa presha ya kawaida hata uipooze vipi, mpaka uibane kwa presha kama 25 za hewa, kwa sababu atomi zake haziachi kutikisika.

Sasa lete ukuta. Kwenye uso wa metali, uga wa umeme unaolala sambamba na uso unalazimika kuwa sifuri, kwa sababu elektroni za metali ziko huru zinakimbia kuuzima. Weka bamba la pili mbele yake na tayari umeweka sharti, kwa kipimo cha kutoka bamba hadi bamba yanaruhusiwa mawimbi yale tu ambayo nusu zake zinaenea kamili kwenye nafasi iliyopo, mengine hayana nafasi. Nje ya mabamba sharti hilo halipo. Ukijumlisha nishati ya ndani peke yake unapata namba isiyo na mwisho, ya nje vilevile, lakini ukiuliza inabadilika kiasi gani bamba likisogea kidogo, unapata namba ndogo, safi, yenye mwisho, na inashuka kadiri mabamba yanavyokaribiana. Kitu chochote ambacho kikisogea nishati inashuka kinavutwa kusogea huko. Ndiyo kani ya Casimir hiyo, mabamba mawili yasiyo na chaji, ndani ya ombwe, yanavutana. Mimi nikifika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo, maana ni jambo kubwa kweli.

Na uzuri zaidi uko kwenye ukuta wenyewe. Metali halisi haizuii mawimbi yote, yale ya masafa ya juu sana, mionzi ya eksirei na kuendelea, yanapita kwenye dhahabu nyembamba bila kujali, kwa hiyo hayo hayahesabu kama mabamba yapo au hayapo, na ndiyo maana hesabu haina haja ya kulipuka ikatoa kani isiyo na mwisho. Mrusi Lifshitz miaka ya katikati ya 1950 akaandika nadharia ya vitu halisi, unaingiza tabia ya dhahabu, ya kioo, ya maji, unapata kani. Ikatoka pia kwamba ukichagua vizuri vitu viwili na kimiminika cha katikati, kani inageuka inakuwa ya kusukumana, na mwaka 2009 Munday, Capasso na Parsegian wakaiona, tufe lenye dhahabu dhidi ya bamba la silika ndani ya kimiminika kiitwacho bromobenzini. Hata atomi moja peke yake ikipita karibu na ukuta inahisi, mwaka 1993 kule Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, watafiti walipitisha atomi za sodiamu kwenye upenyo kati ya mabamba ya dhahabu na wakaona zinavutwa kama Casimir na Polder walivyosema. Na mwanafizikia Mmarekani Purcell tangu 1946 alishasema kasi ya atomi kutoa mwanga inabadilika ikifungiwa karibu na kuta zinazofaa. Kwa hiyo ombwe karibu na ukuta halifanani na ombwe la katikati ya anga, hili ni la kupimika.

Nisisahau kusema, wapo wanafizikia wazito wanaosema hata jina "nishati ya ombwe" usilikumbatie sana hapa. Robert Jaffe wa chuo cha MIT kule Marekani aliandika mwaka 2005 kwamba kani yote unaweza kuipata kwa kuhesabu mvutano wa chaji na mikondo midogo ndani ya mabamba yenyewe, bila kulitaja ombwe kabisa. Mimi naona ana hoja. Na kwa muuza kikasha hii ni mbaya zaidi, maana hata lile ghala la nishati analolitangaza halihitajiki ili kani iwepo.

Tuje kwenye vipimo maana hapa ndipo karatasi inakufa. Kwa mabamba yaliyo vioo kamili vya kwenye hesabu, nafasi ikiwa maikromita 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita, mvuto kwa mita nzima ya mraba ni niutoni 0.0013. Hiyo ni uzito wa kama sehemu ya nane ya gramu, kwa mabamba yenye ukubwa wa kama meza ya kulia chakula ya watu wanne. Kani inapungua kwa kipeo cha nne cha umbali, ukipunguza nafasi nusu inaongezeka mara 16, kwa hiyo nanomita 100 (nanomita ni sehemu ya elfu ya maikromita) inakuwa niutoni 13 kwa mita ya mraba, na nanomita 10 inazidi kidogo presha ya hewa tunayopumua. Dhahabu halisi inatoa pungufu ya hapo, kwa nanomita 100 ni karibu nusu. Sasa kikasha chetu kina milimita 1. Rudi nyuma na kile kipeo cha nne muone kani inavyoyeyuka. Hata ukiongeza mchango wa joto la chumba, ambao kwa umbali huo ndio unakuwa mkubwa, kwa mabamba yale ya sentimita 4 kwa 5 hupati hata moja ya trilioni ya niutoni.

Na ndiyo maana kuipima kuliwatesa watu. Mholanzi Sparnaay alijaribu mwaka 1958 na mabamba ya metali, vumbi, chaji zilizobaki, mabamba kukataa kukaa sambamba, mwisho akasema tu matokeo yake hayapingani na Casimir. Ilikaa mpaka 1997, Steve Lamoreaux, Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, akatumia pendulo ya msokoto, inayoning'inia kwenye waya na kujipinda ikivutwa kidogo tu, na badala ya mabamba mawili bapa akaweka bapa moja na lingine lenye uso wa duara ili asihangaike na usambamba, akapima kutoka maikromita 0.6 mpaka 6. Mwaka uliofuata Mohideen na Roy kule Riverside, California, wakaipata kwa usahihi wa karibu asilimia 1 kwa hadubini ya kani ya atomi, kifaa kinachohisi kani ndogo mno. Mabamba mawili bapa kwelikweli yalikuja kupimwa Padova, Italia, mwaka 2002, na hata hao waliishia usahihi wa asilimia 15. Halafu mtu anakubandikia mabamba kwa tepu ya sponji, yana alama za vidole na gundi ukingoni, anakwambia 1997 imethibitishwa. Kilichothibitishwa ni mvuto mdogo mno kati ya nyuso safi zilizo karibu mno. Hakuna aliyechaji simu.

Sawa, mtu mmoja dukani alinibana vizuri, mteja mwenzangu, akasema, "Kaka, hata kama ni ndogo, si tutengeneze nyingi?" Swali zuri na nalijibu kwa heshima yote. Chukua mabamba ya kikasha, yafanye kamili, safi, yasogeze kutoka mbali mpaka nanomita 100. Kazi yote utakayopata ni chini ya sehemu moja ya bilioni ya jouli (kipimo cha nishati), kwenye 0.0000000009. Betri ya simu ya 5000 inabeba kama jouli 69,000. Unahitaji kuyakutanisha mabamba mara trilioni 80 hivi kwa chaji moja. Lakini shida kubwa sio udogo. Shida ni kwamba yakishakutana yamekutana. Ili uyakutanishe tena lazima uyatenganishe, na kuyatenganisha kunakula kazi ileile yaliyokupa, hakuna senti inayobaki, na ukweli ni kwamba utapoteza kidogo kwenye msuguano na waya.

Linganisha na Bwawa la Nyerere kule Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja inazunguka kwa sababu maji yanashuka, lakini maji yanaweza kushuka kesho pia kwa sababu jua linayapandisha angani yanyeshe tena milimani. Mabamba ya Casimir hakuna anayeyapandisha. Mwaka 1984 Mmarekani Robert Forward aliandika kabisa kuhusu betri ya namna hii, ukanda mwembamba wa metali uliosokotwa unaojikunja na kutoa umeme kidogo, na unaona wazi kwenye wazo lake kwamba ukishajikunja umeisha, kuukunjua ni gharama yako.

Mfano ulio hai ni mjusi kafiri wa ukutani kwako. Vidole vyake vina vinyweleo vilivyogawanyika mpaka ncha za upana wa kama nanomita 200, na vinashika ukuta kwa kani za van der Waals, ambazo ni kani hiihii ya Casimir ikiwa umbali mfupi zaidi. Ananing'inia darini bila gundi. Lakini kila hatua anatumia misuli kukunja kidole na kukibandua. Ukuta haumlishi, analishwa na mbu.

Kuna wanaoleta habari ya Sweden, mwaka 2011 kule Chalmers, Göteborg, kwamba walitoa mwanga kwenye ombwe. Walitoa kweli. Walichukua saketi ya kupitisha umeme bila ukinzani, wakafanya mwisho wake ufanye kazi ya kioo kinachotikisika kwa kasi kubwa mno, na fotoni, yaani chembe za mwanga, zikatoka mbilimbili. Matokeo mazuri sana. Nishati ya zile fotoni ilitoka kwa aliyekuwa anatikisa kioo, walichomeka umeme mwingi ili wapate mwanga kidogo mno, na wao wenyewe hawakuwahi kusema vinginevyo.

Nilirudi dukani na kikasha kikiwa wazi, sikwenda kugombana. Nikamwonyesha yule kijana paneli, betri, waya za mabamba. Aliangalia kwa makini akasema, "Mwalimu, sisi tunauza tu, karatasi inakuja nayo kwenye boksi." Namwamini, na nimemwomba mdogo wangu yule awaambie wakubwa zake watoe ile karatasi, wabandike pawabenki ya sola, waandike saa-wati za kweli na washushe bei. Hela yangu haikurudi kwa sababu nimeshakifungua, hiyo naielewa. Nikatafuta kwenye boksi alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, sikuiona, kwa hiyo na nyie mnaonunua vitu vya betri za lithiamu angalieni hilo kabla ya bei.

Kwa ambao mnacho tayari, msikitupe. Kichajini kwa waya wa kawaida wa simu, kile kitundu cha taipu-C kinapokea vizuri. Jua litumieni kuongezea tu, na msikiache juu ya bati wala kwenye dashibodi ya gari mchana, betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45 na bati la Dar linapita hapo mapema sana, wekeni dirishani penye upepo au kiti cha barazani, muda wa asubuhi ni bora. Kikianza kuvimba katikati, acheni kukichaji kabisa na msikitoboe.

Yule mama wa chipsi nilimpigia hesabu nyingine. Anachotaka ni balbu mbili za LED za wati 5 kwa saa nne na chaji ya simu moja, jumla kama saa-wati 60 kwa jioni. Paneli ya wati 50 iliyoelekezwa vizuri na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 inambeba bila kuhangaika, hata siku ya mawingu anapita. Paneli tulikwenda kuichagua naye, tuliipima pale pale juani mbele ya duka kwa multimita kabla hajalipa, na nawashauri wote mfanye hivyo, muuzaji anayejiamini hakatai.